Fainali ya Machakos ilivyogawa nyumba za Tanga

SALMA: Asalaam aleikum wasikilizaji. Tuko Ngamiani, Tanga. Mimi Salma, na hapa ninaye kaka yangu Hemedi. Leo ni Kombe la Chalenji, lile la timu za taifa za Afrika Mashariki na Kati. Kaka, hili umelitaka mwenyewe.

HEMEDI: Waaleikum salaam, dada. Nimelitaka, ndiyo. Mdogo wangu ana miaka 14, habari zote za mpira anazo, lakini nilipomtajia Chalenji akaniuliza ni ligi ya wapi. Iliniuma. Kombe lenye umri kuliko Kombe la Dunia!

SALMA: Kuliko Kombe la Dunia?

HEMEDI: Kwa miaka minne. Lilianza 1926, Kenya na Uganda peke yao, likiitwa Kombe la Gossage, jina la kampuni ya sabuni. Tanganyika tukaingia 1945, Zanzibar 1949. Mwaka 1967 ndipo likaitwa Chalenji, kisha 1973 likawa chini ya CECAFA, baraza la mpira la Afrika Mashariki na Kati.

SALMA: Na sisi Tanzania Bara tumelibeba 1974, 1994 na 2010.

HEMEDI: Ile ya 2010 tulimfunga Ivory Coast, waliokuja kama waalikwa, moja bila pale Dar, kwa penalti ya Shadrack Nsajigwa. Uganda wanalo mara 15, hao tuwaache kwanza. Mimi moyo wangu uko 2017.

SALMA: Machakos! Kenya na Zanzibar.

HEMEDI: Sasa fikiria mtu wa Tanga. Ukipanda gari unafika Horohoro, unavuka Lungalunga, jioni uko Mombasa. Ukigeukia baharini, Pemba ile pale. Bibi yangu mzaa baba ni wa Wete, Pemba, shangazi ameolewa Likoni. Siku ile sebuleni kwetu watu walikaa pande mbili.

SALMA: Na Bara wenyewe tulishatoka. Zanzibar ndio waliotufunga mbili moja kwenye makundi.

HEMEDI: Kili Stars, timu yetu ya Bara, tukalala, na bibi akashangilia mbele yetu bila kuficha! Nusu fainali wakamtoa Uganda, bingwa mtetezi, mbili moja vilevile. Fainali Kenya wakatangulia, Zanzibar wakasawazisha mwishoni kabisa. Muda wa nyongeza Kenya wakafunga tena, Zanzibar wakarudisha tena. Mbili mbili.

SALMA: Halafu penalti. Patrick Matasi yule kipa wa Kenya!

HEMEDI: Tatu kwa mbili, Kenya wakachukua. Bibi aliinuka akaenda kutawadha, hakusema neno. Shangazi akapiga simu kutoka Likoni, na badala ya kujitapa akampa pole mama yake.

SALMA: Kilichomuuma bibi naamini hakikuwa kombe tu. Machi mwaka uleule CAF, shirikisho la mpira la Afrika, waliipokea Zanzibar kuwa mwanachama kamili. Julai wakaifuta. FIFA hawamo. Vijana wale wakaenda Chalenji Desemba wakiwa wametoka kuambiwa si nchi ya mpira, wakafika fainali.

HEMEDI: Ndiyo hapo, dada. Taifa Stars, timu ya Tanzania nzima, ina AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, ina mechi za kufuzu Kombe la Dunia. Zanzibar kama Zanzibar, wimbo wake, jezi yake, inacheza na majirani wapi? Hasa ni Chalenji. Na Chalenji ya wakubwa mara ya mwisho tuliiona 2019 Kampala, Uganda akamfunga Eritrea tatu bila. Ile ya 2021 Ethiopia ilikuwa ya vijana chini ya miaka 23.

SALMA: Watakwambia kalenda imejaa, na fedha hakuna.

HEMEDI: Fedha ni tatizo la kweli, kusafirisha timu na kuzilaza si mchezo. Lakini AFCON ya 2027 wamepewa Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Nchi tatu zinazoweza kubeba Afrika nzima zishindwe kualikana zenyewe kila Desemba?

SALMA: Hapo nakuunga mkono moja kwa moja. Nami naongeza langu: kundi moja licheze hapa Tanga, uwanja wa Mkwakwani. Wa Mombasa waje kwa basi, wa Pemba waje kwa boti.

HEMEDI: Na Bara apangwe na Zanzibar. Bibi nitampeleka mwenyewe, nitamtafutia kiti cha kivulini. Nitavaa jezi ya Kili Stars, lakini nitakaa upande wake.