Upande mmoja umelegea: kutafuta ugonjwa wa Yamaha RD350

Mafundi wenzangu, na ninyi wenye pikipiki mnaozipenda kuliko zinavyowapenda, karibuni.

Leo nina lalamiko moja tu mezani: injini ya tu-stroki yenye silinda mbili, upande mmoja unavuta, mwingine unasindikiza. Nitaisemea Yamaha RD350, ile inayopozwa na upepo, iliyotoka 1973. Mwenye Rajdoot 350, ambayo Escorts wa India walianza kuiunda kwa leseni mwaka 1983, asikilize pia, maana mashine ni ileile kwa sehemu kubwa. Wengi wetu tumejifunzia kwenye Yamaha AG100: silinda moja, kabureta moja, ikigoma unajua wa kumfungua. Hapa wako wawili, na anayelalamika si lazima awe ndiye mgonjwa.

Kwanza tuelewane kuhusu tumbo la hii mashine. Pistoni moja ikiwa juu, nyingine iko chini. Kila silinda ina chumba chake cha chini, na katikati ya krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, kuna kizuizi ili pumzi ya huyu isiingie kwa yule. Kabureta mbili za Mikuni za milimita 28, koili mbili za kutoa moto wa plagi, pointi seti mbili za kukata na kuunganisha umeme wa koili, kondensa mbili za kuzuia cheche kwenye pointi, na pampu ya oili yenye mirija miwili. Hizo ni injini mbili zilizolala kitanda kimoja. Ndiyo maana nasema kipimo bora ulichonacho ni silinda ya pili. Usiniulize "hii ni sawa?" Niulize "hii inafanana na mwenzake?"

Kwa hiyo hamisha. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Toa plagi ya kushoto peleka kulia, washa, sikiliza. Ugonjwa ukihama, umeshapata. Usipohama, rudisha, nenda kwenye koili. Hapa naomba msikilize vizuri: ukihamisha koili, hamisha waya mnene wa plagi pamoja na ule mwembamba unaotoka kwenye pointi. Ukibadilisha wa plagi peke yake, moto utakuja wakati pistoni iko chini kabisa, na utakaa unapiga kiki mpaka jioni.

Nikitaka kujua upande gani unafanya kazi, napandisha resi kidogo kisha nazima moto wa upande mmoja, halafu mwingine. Kofia ya plagi naichomeka kwenye plagi ya akiba iliyogusa bodi. Siiachi ikining'inia hewani, koili inaumia.

Sasa tazameni plagi hizi mbili, zimetoka kwenye injini moja. Hii ya kulia ina rangi ya kahawa, imelowa oili kidogo pembeni. Hii ya kushoto ni nyeupe, kaure yake ina vidoadoa vidogo vya kung'aa. Mwenye pikipiki alisema kulia ndiko dhaifu, kushoto kunavuta kama farasi. Kweli kunavuta. Kunavuta kwa sababu kunanyonya hewa ya wizi, mafuta yamepungua, joto limepanda, na vile vidoadoa ni alumini ya pistoni inayoanza kuyeyuka. Angeongeza jeti, yaani kitundu cha kupitisha petroli kwenye kabureta, upande wa kulia kama alivyotaka, wiki hiyohiyo kushoto kungekwama barabarani. Mimi naogopa silinda inayovuta vizuri ghafla kuliko ile inayolegea.

Hewa ya wizi inapita wapi? Mpira wa kabureta uliopasuka, gasketi ya chini ya silinda, na hasa sili ya krenki, ule mpira wa duara unaoziba ncha ya krenki. Sili ya kushoto iko upande wa jenereta, pakavu. Ikichoka inaingiza hewa, sailensa, yaani mwendo wa injini ukiwa umeachia resi, inapanda yenyewe na haitaki kushuka. Sili ya kulia iko upande wa klachi, imezama kwenye oili ya giaboksi. Ikichoka, silinda ya kulia inainywa. Moshi mweupe mzito upande wa kulia tu, na kijiti cha giaboksi kinaonyesha oili inapungua bila tone chini. Kuhakikisha, ziba eksozi, ziba njia ya kabureta, jaza upepo kwa pampu ya mkono hadi paundi 6 tu. Ikishuka zaidi ya paundi moja kwa dakika, paka maji ya sabuni utafute mapovu. Wengi hawafanyi kipimo hiki, wanabadilisha jeti mwaka mzima.

Kuhusu pointi. Mwanya ni kati ya milimita 0.3 na 0.4, na moto wa kila upande unapangwa peke yake, milimita 2.0 kabla pistoni haijafika juu. Kile kipande cha faiba cha pointi kinachosugua kamu inayozifungua kikilika, mwanya unabana na moto unachelewa. Seti mbili hazilikiki sawasawa, hivyo upande mmoja unachelewa kimyakimya. Ukiona cheche kubwa za buluu pale pointi zinapofunguka, shuku kondensa. Na ukipanga leo kesho ukakuta umehama, shika ncha ya krenki uitikise: bearing ya kushoto ikiwa na mchezo, kamu inayumba na hakuna mpangilio utakaokaa.

Kabureta nimeziacha nyuma makusudi, maana ndizo zinafunguliwa bure. Kipimo cha kampresheni kwanza, resi wazi kabisa, injini ikiwa na joto. Pande zikipishana zaidi ya asilimia kumi, kabureta hazina kosa. Kama ziko sawa, angalia kama slaidi zote mbili, zile za kufungua njia ya hewa ndani ya kabureta, zinanyanyuka pamoja ukizungusha mkono. Ulegevu wa chini ni jeti ndogo, wa katikati ni sindano, wa juu kabisa ni jeti kubwa. Ukungu wa petroli ukisimama mdomoni mwa kabureta moja, toa ndimi za vali, vile vibati vyembamba vinavyozuia mchanganyiko kurudi kwenye kabureta, uziangalie kwenye mwanga. Ukiona mstari wa mwanga ukipenya, ulimi haufungi.

Swali la pale nyuma: ukiweka ignisheni ya elektroniki, haya yote yanakwisha? Yanakwisha ya pointi na kondensa, na mimi mwenyewe ningeweka. Lakini sili haijui una moto wa aina gani. Pima upepo kwanza, ndipo utoe hela.