Wiki za Kwanza na Paka Mwenye Kisukari

Habari za jioni, ndugu zangu. Karibuni.

Wengi wenu mmekuja na karatasi ya maabara, na kwenye karatasi hiyo kuna namba iliyowanyima usingizi: 22, 25, pengine 28. Tuanze na namba hiyo. Paka mzima mwenye afya huwa na sukari ya kati ya 3.5 na 7 hivi, kwa kipimo cha milimoli kwa lita, ambacho ndicho mashine nyingi za huku kwetu huonyesha. Mwenye mashine inayosoma kwa miligramu agawanye kwa 18. Kwa hiyo 25 ni kubwa, sibishi. Lakini paka anayekula, anayekunywa na anayetembea hafi leo usiku kwa sababu ya 25. Anayeweza kufa leo usiku ni yule aliyechomwa insulini kupita kiasi. Sukari ya juu humla mnyama kwa wiki na miezi. Ya chini humaliza kazi kwa saa chache. Nitakayoyasema jioni hii yote yamejengwa juu ya tofauti hiyo.

Kwanza hakikisheni kwamba ni kisukari kweli. Paka akiogopa, sukari yake hupanda yenyewe. Umemtia kapuni, umempandisha bajaji, ameketi karibu na mbwa anayebweka, kisha ameshikwa na mtu asiyemjua: damu ya paka huyo inaweza kusoma zaidi ya 15 ilhali hana ugonjwa wowote. Ndiyo maana daktari hategemei namba moja. Anataka dalili, anataka sukari kwenye mkojo, na ikiwezekana anataka kipimo cha fruktosamini, kinachoeleza hali ya sukari kwa wiki moja au mbili zilizopita, ambacho hofu ya dakika kumi haiwezi kukidanganya.

Dalili mnazijua. Damu ikipita 14 hadi 16 hivi, figo hushindwa kuizuia sukari, nayo huingia kwenye mkojo ikivuta maji. Ndipo mkojo unapozidi, mchanga wa choo unaganda mabonge makubwa, na aliyekojoa barazani utaona sisimizi wamejipanga. Maji yakitoka, kiu inakuja. Pimeni kwa jagi: paka anayekunywa zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo yake kwa siku, yaani zaidi ya 400 kwa paka wa kilo nne, ana tatizo. Na kwa kuwa seli hazipati sukari, mwili unachoma mafuta na misuli. Anakula kama aliyefungwa njaa na bado anakonda. Wengine huanza kukanyaga kwa kisigino cha mguu wa nyuma badala ya vidole. Hapo neva zimeguswa, nazo hurudi polepole sukari ikitulia, kwa miezi wala si kwa siku.

Sasa jambo la faraja. Kwa paka walio wengi, kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini, haijafa. Mwili umekuwa mgumu kuisikia insulini, na seli zinazoitengeneza zimechoka. Wanaopatwa zaidi ni madume waliohasiwa, wanene, wa ndani, wenye zaidi ya miaka saba. Dawa nazo huchangia: steroidi kama prednisoloni na deksamethasoni zinazochomwa kwa ajili ya mwasho, na sindano za homoni za kuzuia jike asiingie joto. Mtajie daktari kila sindano aliyowahi kupigwa, hata ya mwaka jana. Seli zilizochoka zikipumzishwa mapema, zinaweza kuamka, na paka akaacha insulini kabisa. Nitalirudia hilo mwishoni.

Tuje kwenye insulini. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo makosa ya kuua hutokea.

Insulini huuzwa kwa nguvu tofauti. Za binadamu, kama glajini inayojulikana kwa jina la Lantus, zina yuniti 100 kwa mililita. Za mifugo, kama Caninsulin na ProZinc, zina yuniti 40 kwa mililita. Kila moja ina sirinji yake. Mara nyingi ya 100 ina kifuniko cha rangi ya chungwa na ya 40 kifuniko chekundu, ila soma maandishi ubavuni, usitegemee rangi. Ukivuta insulini ya 100 kwa sirinji ya 40 hadi mstari wa 1, umechoma yuniti mbili na nusu. Ukifanya kinyume chake, umechoma sehemu nne tu za kumi, na utashangaa kwa nini sukari haishuki. Kuna pia glajini ya yuniti 300 kwa mililita, jina lake Toujeo. Mkono wa muuza duka ukikupa hiyo kwa kuwa "ni ileile", irudishe. Na ile insulini nyeupe kama maziwa, ya mchanganyiko wa 30 na 70, ambayo jamaa yako huenda anaitumia, si ya paka: hushusha kwa kishindo kisha huisha mapema.

Dozi ya kuanzia ni robo hadi nusu ya yuniti kwa kila kilo, kila baada ya saa 12, na paka wengi huanza na yuniti 1. Hatuvuki 2 mwanzoni hata awe mnene vipi. Yuniti 1 ni kiasi gani? Tone moja la maji ni kama mililita 0.05. Yuniti 1 ya insulini ya 100 ni mililita 0.01, yaani sehemu ya tano ya tone. Kiputo cha hewa unachokidharau kinaweza kuwa ndiyo dozi nzima. Nunueni sirinji ya mililita 0.3 yenye mistari ya nusu yuniti. Ile ya mililita 1 haimfai paka.

Chupa ikae ndani ya friji, nyuzi 2 hadi 8, kwenye rafu ya katikati. Mlangoni inatikisika na kupata joto kila friji inapofunguliwa. Karibu na barafu itaganda, na iliyoganda hutupwa hata ikiyeyuka. Umeme ukikatika usifungue friji hovyo. Ukikatika kwa muda mrefu, ifunge kwenye mfuko usiopitisha maji, uiweke ndani ya chungu kidogo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga mbichi, kivulini penye upepo. Chungu si friji, lakini ni baridi kuliko kabati la chumba cha mabati. Glajini iwe angavu kama maji. Ikiwa na ukungu, tupa. Usiitikise, usiichanganye na kitu. Caninsulin na ProZinc zenyewe ni nyeupe na lazima zichanganywe kabla ya kuvuta, kwa namna iliyoandikwa kwenye karatasi ya kila moja. Andika tarehe ya kufungua kwenye chupa: glajini imeandikiwa siku 28. Kwa dozi ya yuniti 1 mara mbili, siku 28 ni yuniti 56, kwa hiyo kalamu ya insulini, ile sindano yenye umbo la kalamu iliyojazwa dawa, ya mililita 3 yenye yuniti 300 inatosha na kubaki; chupa ya mililita 10 ni hasara tupu. Unaweza kuvuta kutoka kwenye kalamu kwa sirinji, ila usiingize hewa, na ukishavuta hivyo usiitumie tena kama kalamu.

Kuchoma ni rahisi kuliko mnavyoogopa. Chakula kwanza, paka akishaanza kula, mchome. Inua ngozi ya ubavuni kwa vidole viwili ifanye hema, ingiza sindano chini ya hema hilo sambamba na mwili, sukuma, hesabu mpaka tatu, toa. Asubuhi kushoto, jioni kulia. Shingoni kila siku ngozi inakuwa ngumu na dawa hainyonywi vizuri. Kisha gusa manyoya. Yakiwa yamelowa, au ukisikia harufu kama ya dawa ya kuua vijidudu, sindano imetokea upande wa pili. Usirudie! Hujui ngapi imeingia. Subiri zamu ijayo. Ukisahau zamu, hivyohivyo: hakuna kuchoma mara mbili ili kufidia.

Saa za Kiswahili zinatusaidia: saa moja asubuhi, saa moja jioni. Mwezi wa Ramadhani nyumba inabadilisha ratiba kwa daku na futari, paka asibadilishiwe.

Chakula. Paka ni mla nyama. Ini lake halikuumbwa kwa wanga mwingi, na ugali wa dagaa uliomkuza ndio tunaouondoa sasa. Tunataka wanga utoe chini ya asilimia 12 ya nguvu yote ya chakula. Kopo halikuandikii wanga, lakini unaweza kuukokotoa. Jumlisha protini, mafuta, nyuzinyuzi, majivu na maji, utoe kwenye 100. Kopo lenye protini 11, mafuta 6, nyuzinyuzi 0.5, majivu 2 na maji 79 linabakiza wanga 1.5. Ili kupata nguvu ya kila kimoja, zidisha protini kwa 3.5, mafuta kwa 8.5, wanga kwa 3.5: unapata 38.5, 51 na 5.25, jumla 94.75. Wanga ni kama asilimia 5 na nusu. Hicho kinafaa. Sasa chakula kikavu chenye protini 32, mafuta 12, nyuzinyuzi 3, majivu 8 na maji 10: wanga 35, na ukipiga hesabu ileile unapata zaidi ya asilimia 36. Hata kiandikwe "cha paka wanene" pakitini, hesabu ndiyo hiyo.

Asiyemudu makopo kila siku anaweza kutumia kuku au samaki aliyepikwa bila chumvi wala kitunguu, na kitunguu ni sumu kwa paka. Lakini minofu mitupu kwa miezi humkosesha kalsiamu na taurini, kirutubisho ambacho paka hukipata kwenye nyama, na paka asiye na taurini huharibika moyo na macho. Moyo wa kuku na wa ng'ombe una taurini nyingi. Kalsiamu mpangieni na daktari.

Angalizo kubwa: paka ambaye tayari anachomwa, ukimwondolea wanga kwa siku moja, dozi ya jana inakuwa kubwa mno leo. Badilisha kwa siku saba hadi kumi, ukipima. Na mnene asilazwe njaa ili apungue. Paka asiyekula siku mbili tatu hujaza mafuta ini, nao ni ugonjwa mwingine wa kuua. Apungue asilimia 1 hivi ya uzito kwa wiki, basi.

Kupima nyumbani kunafaa kuliko kumpeleka kliniki, kwa ile sababu ya hofu. Pasha sikio joto kwa kitambaa kilichochovywa maji ya vuguvugu na kukamuliwa. Mshipa unapita pembezoni. Washa tochi nyuma uuone. Paka vaselini kidogo sana ili damu isimame kama shanga, weka pamba upande wa pili, choma kando ya mshipa, gusisha stripu, yaani kile kijikaratasi cha kupimia cha mashine, kisha bana kwa pamba nusu dakika. Mashine ya binadamu husoma chini kidogo kwa damu ya paka. Ile iliyorekebishwa kwa wanyama ni sahihi zaidi. Chagua moja na ubaki nayo.

Pima kabla ya kila sindano. Ikiwa chini ya 11 na wewe bado ni mgeni wa kazi hii, usichome. Mlishe, mpigie daktari. Baada ya wiki moja fanya mfululizo wa vipimo wa siku nzima: saa moja, saa tatu, saa tano, na kuendelea kila saa mbili mpaka saa moja jioni. Tunaitafuta namba ya chini kabisa, na tunataka iangukie kati ya 4.5 na 8. Daktari akipandisha, hupandisha nusu yuniti, kisha husubiri wiki. Kupandisha leo kwa sababu asubuhi ilikuwa 20 ndilo kosa ninalowaomba msilifanye. Insulini inahitaji siku kadhaa kutulia. Kushusha tu ndiko hakungoji.

Chini ya 3.5 ni hatari. Dalili: kulegea, kuyumba kama mlevi, njaa ya ghafla, kutetemeka, kisha degedege. Akiweza kumeza, mpe chakula papo hapo. Akiwa amelegea, mpake asali au glukosi iliyokorogwa nzito kwenye fizi, kijiko kimoja cha chai. Aliye kwenye degedege usimmiminie kitu kooni, na usiweke vidole kati ya meno. Mpake kwenye ufizi wa nje. Pima baada ya dakika 15, na uwe njiani kwenda kwa daktari hata akiamka, kwa maana insulini bado imo mwilini na asali itaisha kabla yake. Chupa ya asali ikae jirani na sirinji.

Upande wa pili, paka aliyeacha kula, anayetapika, amelegea na sukari iko juu, huenda ana ketoni, yaani asidi zinazojaa kwenye damu mwili unapochoma mafuta kupita kiasi. Stripu za mkojo za binadamu huzionyesha. Zikionekana, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo, si ya kesho.

Vidonge nitavitaja kwa ufupi. Metformini, kile kidonge cha kisukari cha bibi, haimfai. Kuna dawa mpya za mdomoni, beksagliflozini na velagliflozini, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2022 na 2023, zinazomwaga sukari kwa mkojo. Hazipewi paka mgonjwa asiyekula, na zinaweza kuleta ketoni huku sukari ikisoma vizuri, jambo linalowapumbaza hata wazoefu.

Sindano zilizotumika zitieni kwenye chupa nene ya dawa ya kufulia, kifuniko kikazwe, ipelekwe kliniki. Mzoa taka ana mikono kama sisi.

Na kuhusu kuacha insulini: nafasi ni kubwa zaidi ndani ya miezi sita ya kwanza. Utaona namba za kabla ya sindano zinashuka zenyewe, 9, 8, 7. Daktari atashusha dozi nusu yuniti kila mara, mpaka ifike nusu yuniti mara moja kwa siku, kisha hakuna. Akikaa wiki nne na sukari ya kawaida bila sindano, tunasema ametulia. Wanga usirudi, steroidi zisirudi bila kumweleza daktari, meno yasafishwe, kwa kuwa kidonda cha fizi hupandisha sukari. Jagi la maji endeleeni kulipima kila wiki, na siku litakapoanza kuisha haraka, mpime sikioni siku hiyohiyo.