Tanga la Huntington: Msimu wa Marshall wa 1971

Ndugu zangu walimu wa michezo, na nyinyi vijana mlioacha mazoezi ya jioni kuja kunisikiliza, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie msimu wa timu ya chuo, na najua wengi mlitarajia nilete mabingwa. Nimewaletea timu iliyocheza mechi 10, ikafungwa 8, ikashinda 2. Ni timu ya Chuo Kikuu cha Marshall, mjini Huntington, jimbo la West Virginia, Marekani, mwaka 1971. Mpira wenyewe ni ule wa Kimarekani, wa kubeba mikononi na kuvaa helmeti. Msioujua msihangaike, nitafafanua panapohitajika tu.

Tuanze mwaka mmoja nyuma. Usiku wa 14 Novemba 1970, Marshall walikuwa wanarudi nyumbani kutoka North Carolina, wamefungwa na East Carolina 17 kwa 14. Mvua inanyesha, mawingu yako chini. Ndege yao ikaanguka kilimani, karibu kabisa na uwanja wa ndege wa kwao. Ilikuwa na watu 75. Hakupona hata mmoja. Walikuwemo wachezaji 37, kocha mkuu Rick Tolley na wasaidizi wake, na watu wazito wa mji, madaktari na wafanyabiashara, waliokuwa wakiifuata timu kila iendako. Watoto 70 waliondokewa na baba au mama, na 18 kati yao waliondokewa na wote wawili. Wachezaji 6 miili yao haikutambulika. Wakazikwa jirani jirani katika makaburi ya Spring Hill.

Sisi huku tunalijua tanga. Watu hukaa msibani, mikeka ikatandikwa, kisha siku hufika wazee wakasema tanga lianuliwe, kila mtu arudi kwenye shughuli zake. Marehemu hajasahauliwa, ila shamba nalo linangoja. Huntington walikabiliwa na jambo hilo hilo: tanga hili lianuliweje, na nani wa kulianua? Walikuwepo waliotaka timu ivunjwe kabisa, na mimi siwalaumu. Mzazi aliyezika mwanawe, umwambie aende uwanjani kuitazama jezi ileile ya kijani ikivaliwa na mtoto wa mwingine?

Sasa hapa nataka mnisikilize vizuri. Zama zile, sheria za chama cha michezo ya vyuo cha Marekani, NCAA, hazikumruhusu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kuchezea timu kubwa. Walikuwa na timu yao wenyewe. Ndiyo maana usiku ule vijana wa mwaka wa kwanza hawakuwa ndani ya ndege. Sheria iliwabakiza nyumbani, na kwa kubaki wakapona. Lakini ukiwahesabu hao, ukaongeza wachache waliokosa safari kwa majeraha, kama Nate Ruffin ambaye baadaye alikuwa nahodha, timu haitimii. Chuo kikaenda NCAA kuomba sheria ile ile ilegezwe, ili wageni wa mwaka 1971 waruhusiwe kucheza mara moja. Wakakubaliwa. Kila nikilifikiria hili mwili hunisisimka: katazo lililowaokoa wale wa kwanza ndilo lililobidi liondolewe ili wapate wenzao wa kucheza nao.

Kocha mpya alikuwa Jack Lengyel, aliyetoka chuo kidogo cha Wooster, Ohio. Kocha msaidizi Red Dawson, ambaye usiku wa ajali alikuwa amerudi kwa gari, alikubali kukaa naye mwaka mmoja, kisha akaacha ukocha. Lengyel aliokota vijana mpaka kwenye michezo mingine pale chuoni. Mfumo aliotaka kuutumia mwanzo haukuwafaa watoto wale, basi akaenda kwa Bobby Bowden, kocha wa Chuo Kikuu cha West Virginia, ndani ya jimbo hilo hilo. Bowden akawafungulia kabati: filamu za mechi, michoro ya mbinu, kila kitu. Makocha mlioko hapa, ni nani kati yetu angempa jirani yake daftari lake?

Mechi ya kwanza walifungwa na Morehead State 29 kwa 6. Ya pili, 25 Septemba 1971, wakawa nyumbani, uwanja wa Fairfield, dhidi ya Xavier. Hadi sekunde za mwisho Xavier wanaongoza 13 kwa 9. Mpira uko yadi 13 kutoka mstari wa ushindi, na nafasi imebaki moja. Anayerusha, yaani kwotabeki, ni Reggie Oliver, mmoja wa wale waliobaki nyumbani mwaka 1970. Akakimbilia kulia, walinzi wote wakamfuata kama nyuki. Ghafla akageuka, akarusha kushoto, kule alikoachwa peke yake Terry Gardner, mtoto wa mwaka wa kwanza. Tazameni hao wawili: mmoja sheria ilimwacha nyumbani, mwingine sheria ililegezwa ili awepo. Gardner akadaka, mwenzake akamfungulia njia, akaingia. Saa imekwisha. 15 kwa 13.

Watu hawakutoka uwanjani. Walibaki pale muda mrefu, wakikumbatiana na kulia. Mimi nasema tanga la Huntington lilianuliwa jioni ile, na walioanua walikuwa vijana.

Baadaye waliwafunga Bowling Green 12 kwa 10, mechi nyingine wakafungwa. Iliwachukua mpaka 1984 kupata msimu wenye ushindi mwingi kuliko vipigo. Ubingwa wa daraja lao ulikuja 1992, na tena 1996, walipocheza mechi 15 bila kufungwa. Hayo yameandikwa sana, sitayarudia.

Katikati ya chuo ipo chemchemi ya shaba, kazi ya mchongaji Harry Bertoia, iliyozinduliwa Novemba 1972. Kila tarehe 14 Novemba watu hukusanyika kuizunguka, wengi bila kuitwa. Majina 75 husomwa, moja moja. Shada la maua huwekwa. Kisha maji hufungwa, na kelele yake inakoma, unasikia watu wakipumua. Hayafunguliwi tena mpaka majani yachipue.