Chora Ua Kwanza

Habari za jioni, ndugu zangu. Nimeombwa nizungumzie jengo dogo la fleti, tuseme la kaya kumi, linalozunguka ua mmoja. Naanza na kosa ninalolikuta kwenye ramani nyingi mno. Mchoraji anapanga fleti, anaweka ngazi, anaweka maegesho, kisha kipande kinachobaki katikati anakipaka rangi ya kijani na kukiandika "ua". Hicho ni kiporo cha ardhi, na wakazi watakitumia kama kiporo.

Ua huzaliwa na njia. Jiulizeni: mkazi anayerudi jioni na mizigo mikononi anapita wapi hadi afike mlangoni kwake? Akishuka garini chini ya jengo na kupanda lifti, hatakanyaga ua wiki nzima, hata mkiupamba vipi. Lakini akiingia kwa geti moja, akapita uani, ndipo akapanda ngazi iliyo wazi, ataonana na jirani kila siku bila ahadi. Salamu hizo fupi ndizo zinazowafanya watu wajuane, ili siku mtoto anapougua usiku kuwe na mlango wa kubisha. Kwa hiyo magari yakae pembeni, karibu na barabara. Hapo sirudi nyuma.

Kuhusu ukubwa, msanifu wa Denmark Jan Gehl, aliyechunguza kwa miaka mingi namna watu wanavyotumia nafasi za mjini, anaeleza kwamba tunaanza kusoma hisia usoni mwa mtu akiwa umbali wa mita 20 hadi 25 hivi. Ua wa kaya kumi hauna sababu ya kuzidi hapo. Ukibanwa nao unageuka kisima: kuta za mita 9 zikitazamana kwa mita 5, jua linafika chini kwa muda mfupi tu na kila kikohozi kinarudi mara tatu. Mimi huanza na upana usiopungua kimo cha jengo, na nafasi ikiruhusu naongeza nusu yake.

Sasa faragha, na hapa naomba tutulie kidogo, maana ndiyo inayoua nyua nyingi. Mpita njia akiweza kuona kitanda chako, utashusha pazia na hutalipandisha tena. Mapazia kumi yakishuka, ua umebaki bila macho, na ua usio na macho hakuna mzazi atakayemwacha mtoto wake acheze humo. Basi jiko na sebule vitazame uani, vyumba vya kulala vitazame nje. Kila fleti ikipata madirisha pande mbili namna hiyo, hewa nayo inapita. Sakafu ya chini inyanyuliwe kama nusu mita, ili aliyekaa ndani asitazamwe kutoka juu. Na kati ya mlango na njia acheni kibaraza cha mita moja na nusu au mbili: mahali pa kiti, pa chungu cha maua, pa kuvulia viatu. Mtu aliyeketi hapo yuko kwake na yuko na wenzake. Mteja akitaka kupunguza gharama, kibaraza ndicho huguswa kwanza; kiteteeni.

Maji ya mvua msiyasahau: mteremko wa angalau sentimita moja kwa kila mita, kuelekea mfereji na si kuelekea milangoni. Mti upandwe kwenye udongo wa ardhini, mizizi ishuke itakavyo.

La mwisho ni umiliki. Mpango wa mhandisi Ildefons Cerdà wa mwaka 1859 wa kupanua mji wa Barcelona, Hispania, uliacha bustani katikati ya majengo. Baadaye karakana na maghala yakazijaza, na tangu miaka ya 1980 mji umekuwa ukizikomboa moja moja. Basi kabla fleti ya kwanza haijauzwa, hati iseme wazi kwamba ua ni mali ya kaya zote kwa pamoja, kwamba haujengwi, na nani anaufagia.