Kutoka Kioo Cheusi hadi Superkondakta

Mabibi na mabwana, mwaka 1986 Georg Bednorz na Alex Müller waligundua, katika maabara ya IBM karibu na Zurich, kwamba kauri yenye lantani, bariamu, shaba na oksijeni huanza kupoteza ukinzani wake wa umeme, yaani kuwa superkondakta, kwenye takriban Kelvini 30 (Kelvini huhesabiwa kuanzia baridi kuu kuliko zote, nyuzi 273 hivi za Selsiasi chini ya sifuri). Miaka miwili baadaye zilipatikana kauri za bismuthi zinazofikia Kelvini 110, juu kabisa ya Kelvini 77 ambapo nitrojeni kimiminika huchemka, hivyo kimiminika hicho chatosha kuzipoza.

Ugumu uliobaki ni kuziumba. Ukisaga unga, ukaukandamiza na kuuchoma, unapata kipande chenye matundu madogo mengi, ambacho chembe zake hazikushikana vizuri, na mkondo wa umeme hupita humo kwa shida.

Njia ninayoitetea leo huanzia kwenye kioo, yaani kitu kigumu ambacho atomu zake hazikujipanga kwa utaratibu. Oksidi za bismuthi na shaba, pamoja na kabonati za strontiamu na kalisi, huyeyushwa kwenye nyuzi 1,150 hivi za Selsiasi, kisha uji huo humwagwa juu ya bamba la chuma na kugandamizwa papo hapo kwa bamba jingine, ili upoe kabla atomu hazijapata nafasi ya kujipanga. Bismuthi ndiyo inayowezesha jambo hili. Mchanganyiko wa itriamu, bariamu na shaba haukubali kwa urahisi kuwa kioo.

Kioo kinachopatikana ni cheusi, hakina matundu, na si superkondakta hata kidogo. Uzuri wake ni kwamba viambato vyake vimechanganyika sawasawa, na kikipashwa moto kiasi huweza kuvutwa kuwa uzi. Kikichomwa upya, fuwele za kwanza, yaani chembe ambamo atomu zimejipanga kwa utaratibu, hutokea karibu na nyuzi 500, zikiwa na tabaka moja la shaba na oksijeni. Zaidi ya nyuzi 800 hujengeka zile za matabaka mawili, zinazopoteza ukinzani karibu na Kelvini 85. Zile za matabaka matatu, za Kelvini 110, huhitaji metali ya risasi kidogo na siku kadhaa tanurini.

Naomba tuizingatie sana oksijeni, maana hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Wakati wa kuyeyushwa, sehemu ya shaba hupoteza oksijeni, nayo lazima irudishwe kutoka hewani wakati wa uchomaji wa pili. Lakini kule kukosa matundu tulikokusifia ndiko kunakoizuia kupenya, ndiyo maana vipande vyembamba hufanikiwa mapema kuliko vinene.