Shamba la Mboga za Kugawa: Hesabu Ianze Siku ya Mgao

Ndugu wasikilizaji, mkulima wa sokoni akivuna kabichi 500 kwa siku moja anamshukuru Mungu. Shamba la kulisha wenye njaa likifanya hivyo limekosea: leo watu wanabebeshwa wasichoweza kumaliza, wiki zijazo wanarudi mikono mitupu. Tuhesabu basi kuanzia siku ya mgao, turudi nyuma hadi kitaluni.

Sukuma wiki hupandwa sentimita 60 kwa 45, kwa hiyo miche 1,000 inataka mita za mraba 270, njia mbali. Chuma majani matatu kwa kila mche kwa wiki, utapata 3,000. Kwa mafungu ya majani 15, kaya 200 zimepata. Anza na ya chini, juu yabaki angalau matano. Mchumaji mwenye huruma kupita kiasi ndiye anayeua shamba, maana huchuma hadi kwenye kilele ili asikose mtu.

Lakini sukuma huchukua wiki 6 hadi 8 tangu kupandikizwa. Pengo hilo lizibwe na mchicha, ambao huwa tayari kwa wiki 3 hadi 4. Mbegu zake ni ndogo mno, zichanganye na mchanga mkavu kabla ya kusia. Sia tuta moja kila baada ya wiki mbili, hata kama mbegu za kujaza matuta yote zipo. Pembeni weka viazi lishe: matembele yanaliwa mapema, viazi vyenyewe vinakuja baadaye na vitamini A yake.

Sasa dawa. Lebo ikisema msubiri siku 14 kabla ya kuvuna, nanyi mnachuma kila wiki, ama mnaruka mgao au mnawalisha watu sumu. Vidukari wakiingia, ondoeni majani yaliyojikunja, kisha nyunyizeni sabuni ya maji, vijiko viwili vya chai kwa lita moja, chini ya jani wanakojificha. Rudieni baada ya siku chache. Sabuni haimuui isiyemgusa.

Vuneni alfajiri. Mboga iliyoshindiliwa kwenye gunia inaendelea kupumua, joto linapanda katikati, na majani yanageuka njano. Tumieni kreti, kivulini, na gunia la katani lililoloweshwa juu yake. Kabati la mkaa la kupozea mboga, lenye kuta za wavu wa kuku zilizojazwa mkaa unaodondoshewa maji, linafaa sana Dodoma au Garissa kwenye hewa kavu. Mombasa wakati wa masika, hewa ikiwa na unyevu, ni pambo tu. Huko chumeni na mgawe siku hiyohiyo.