Tarehe Ikishatangazwa, Mlango Ufunguliwe

Mwenyekiti, shikamooni wakubwa, na nyinyi vijana mliojibanza nyuma, habari zenu. Wanaonijua wameshaanza kutabasamu, maana wanajua nitakachosema. Nitakisema tena. Kila tukikutana kilio chetu ni jengo. Hatuna ukumbi, ukumbi unavuja, ukumbi umekodishwa harusi. Mimi nasema kikundi cha maigizo hakiuawi na kukosa ukumbi. Kinauawa siku kilipotangaza onyesho, watu wakavaa wakaja, wakakuta kufuli mlangoni.

Leo nawapeleka Ashland, mji mdogo wa jimbo la Oregon, Marekani, una watu kama 21,000 tu. Huko kuna tamasha la Shakespeare lililoanza 1935 na bado lipo. Na mwaka 1935 haukuwa wa neema kwa Marekani, wote mnajua hali ya uchumi ilivyokuwa. Mwalimu mmoja wa chuo cha ualimu, Angus Bowmer, alikuwa akipita kwenye jengo kuukuu la mikutano lililokwisha kuondolewa paa, zimebaki kuta za duara. Akaona hapa panafaa jukwaa la enzi za Shakespeare. Akaenda kuwaomba wakubwa wa mji. Wakakubali kumpa fedha zisizozidi dola 400, lakini roho ikawadunda: Shakespeare, wakati huu wa njaa, nani atalipa? Wakaweka sharti. Mchana, jukwaa hilo hilo litumike kwa mapambano ya ngumi, ili kiingilio cha ngumi kizibe hasara ya maigizo.

Subirini, msicheke bado. Wengi wetu hapa tungekataa. Tungeandika barua ndefu kuhusu hadhi ya sanaa, tukapeleka nakala kwa kila ofisi. Bowmer akakubali. Alijua historia: London ya Shakespeare, maigizo na mapambano ya dubu na mbwa yalikuwa majirani, yakigombania watazamaji wale wale. Basi Julai ile wakacheza usiku mbili tamthilia moja ya vichekesho, na usiku wa katikati wakacheza ile ambayo Mwalimu Nyerere alitutafsiria kwa jina la Mabepari wa Venisi. Kiti cha kuhifadhiwa dola moja. Hesabu zilipofungwa, ngumi zilikuwa zimekula hasara, na Shakespeare ndiye aliyelipia hasara ya ngumi. Sasa chekeni.

Namsikia mtu pale anasema huko ni kuidhalilisha sanaa. Bwana, wewe umelelewa na nani? Miaka ya 80 na 90 vikundi vya Dar es Salaam vilicheza kwenye kumbi za baa, ngoma, sarakasi, igizo na taarabu katika onyesho moja. Kikundi cha Muungano walifanya hivyo, na TOT, yaani Tanzania One Theatre, vilevile. Aliyekuja kwa ajili ya taarabu alikaa akatazama igizo, na hakuna aliyemwambia amekosea mlango. Hatukuwa na jumba hata moja la kuringia, na watu walijaa.

Wa pili anasema, "Wale wana dola." Sawa, sasa wanazo, nami nitarudi hapo. Lakini dola haizuii boriti kupasuka. Juni 2011, katikati ya msimu, boriti kubwa inayobeba dari ya ukumbi wao wa ndani, wa viti kama 600, ilikutwa na ufa. Ukumbi ukafungwa. Na elewa utaratibu wao: waigizaji wale wale hupokezana michezo kadhaa, leo huu, kesho ule, kwa hiyo ufa mmoja unavuruga michezo yote ya ukumbi huo. Walifanya nini? Wakabeba maleba, wakaacha nyuma sehemu kubwa ya mandhari ya jukwaani, wakaingia ukumbi wa zamani wa jeshi, wakaazima chuo kikuu, kisha wakasimika hema kubwa katika bustani ya Lithia. Wakacheza hivyo mpaka boriti ikatengenezwa, Agosti. Watu walikuja kwenye hema. Walikuja kwa sababu tarehe yao iliheshimiwa.

Halafu moshi. Huu ndio unaoniuma zaidi, kwa kuwa hapo walianza kuumia kabla ya kujipanga. Uwanja wao mkubwa hauna paa, una viti kama 1,200, na kila kiangazi misitu ya Magharibi inaungua. Mwaka 2018 maonyesho kadhaa yalifutwa, mengine yakahamishwa ghafla, na hasara ikafika kama dola milioni 2. Mtu amesafiri, amelipa hoteli, anaambiwa saa za mwisho kuwa hewa haivutiki. Mwaka uliofuata wakaacha kubahatisha. Majuma ya moshi yanajulikana, basi maonyesho ya uwanjani yakapangiwa mapema kuchezwa ndani, ukumbi wa shule ya sekondari. Viti vichache, ndiyo. Mapato kidogo, ndiyo. Lakini tiketi ikawa na maana.

Sasa zile dola. Mwezi wa Machi 2020 korona ikawafunga msimu ukiwa ndiyo kwanza umeanza, Septemba moto ukaunguza miji jirani na nyumba za baadhi ya wafanyakazi wao. Aprili 2023 wakatoka hadharani kuomba dola milioni 2.5 ili msimu usikatike. Hawakujifanya wazima. Sisi tunaficha madeni mpaka mwenye ukumbi anakuja na askari.

Nilitaka kusema la Bagamoyo, jumba la maigizo la chuo cha sanaa lilivyoungua 2002 na tamasha lisife, lakini wengi wenu mlikuwepo, na mwenyekiti ananikazia macho. La tiketi za wanafunzi pia naliacha, ingawa lina faida.

Niruhusuni moja. Kila kiongozi wa kikundi, kabla hajatoka hapa, aandike jina la sehemu moja anayoweza kuhamia ndani ya siku tatu ukumbi wake ukimponyoka. Kanisa, darasa, gereji, uwanja wa serikali ya mtaa, chochote, na simu ya mwenye funguo. Karatasi ziko kwa katibu. Asiye na la kuandika aje tuzungumze wakati wa chai.